Siku Mzee wa Kanisa Aliponiambia Niape

Mimi ni mtu wa kucheka. Dukani walikuwa wakinisikia kabla hawajaniona, na Bi Mkubwa alizoea kusema kwamba siku nikinyamaza atajua nimeunguza nguo. Nalisema hili mapema kwa sababu nitakayoyaeleza hayachekeshi, na sitaki mtu adhani nilizaliwa na kisirani.

Kazi yangu ilikuwa kupiga pasi. Duka lipo Mji Mkongwe, kwenye uchochoro ambao watu wawili wakikutana na mmoja kabeba ndoo, mwenzake inabidi arudi nyuma. Tulikuwa tukikodisha nguo na mapambo ya harusi: magauni, majoho, sari, shela, vikuku, mataji. Mwenye duka ni mama wa Kihindi, Muislamu, ambaye wazee wake walitoka Kachi, kule India, vizazi vingi nyuma. Kiswahili chake kinamfanya mtu aone haya kufungua mdomo. Sote tulimwita Bi Mkubwa. Nilianza kwake nilipotoka kidato cha pili, baada ya mtihani kunikataa, akanikabidhi pasi ya mvuke pamoja na onyo: "Hariri hii ina umri mkubwa kuliko mama yako."

Niliipenda kazi ile, lakini ndoto yangu ilikuwa kupamba. Nilitaka kuwa yule anayeingia chumbani kwa bibi harusi, anafunga mlango, na mlango ukifunguliwa tena watu wanapiga vigelegele. Nyumbani nilimpamba mdogo wangu mara nyingi hadi akasema hataki tena kuolewa. Bi Mkubwa aliliona hilo. Mwaka huu, kabla ya Ramadhani, aliniambia, "Mfungo ukimalizika, harusi zikianza, nnakupa bibi harusi wako wa kwanza. Usiniaibishe." Siku hiyo shela moja niliipiga pasi mara mbili bila kujijua.

Sasa niseme juu ya kanisa, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Mimi ni Mmennonite. Mama yangu alitoka Mara kuja kufanya kazi hotelini nikiwa na miaka minane, akaja na imani yake, begi moja na sufuria mbili. Hapa Unguja tuko wachache sana. Tunakutana katika chumba cha kukodi, njia ya kwenda Tunguu. Viti vya plastiki tunaazima kwa jirani anayekodisha viti vya hitima na harusi, kwa hiyo Jumapili yenye harusi kubwa mtaani sisi hukaa kwenye mikeka.

Ibada ikiisha hatuondoki. Tunakaa duara, tunasoma. Mmoja anasoma kifungu, mwingine anakirudia, tunanyamaza kidogo, halafu mzee wa kanisa anauliza, "Umesikia nini?" Anaanza na yule aliyesoma shule kidogo kuliko wote, ili wenye vyeti wasimfunge mdomo. Kwa utaratibu huo mimi nilikuwa miongoni mwa wa mwanzo, baada ya mama mmoja muuza maandazi ambaye hajui herufi hata moja lakini ana kichwa cha hakimu. Hakuna mtu anayetangaza maana peke yake, hata mchungaji akija kututembelea. Tunabishana, tunataniana, tunarudi kwenye kifungu, na tukishakubaliana, basi tumefungwa nacho. Kinakwenda nasi kazini Jumatatu. Shuleni hakuna aliyewahi kuniuliza nimesikia nini. Waliniuliza jibu tu. Ndiyo maana duara lile nililipenda.

Mzee wetu ni seremala. Mrefu, mpole, vidole vyake vina makovu ya msumeno. Baba yangu sikumjua vizuri, na nadhani mzee huyu nilimpa nafasi moyoni kubwa kuliko aliyoiomba.

Miaka miwili iliyopita, mwenzetu mmoja aliyekuwa mlinzi alikuja na swali. Kampuni yake ilitaka walinzi wote wale kiapo. Je, akubali? Tulilisoma jambo hilo Jumapili tatu mfululizo.

"Mungu mwenyewe alimwapia Ibrahimu," alisema mama wa maandazi. "Sisi ni nani tujifanye watakatifu kumzidi?"

Mwalimu mmoja wa sekondari akaongeza kwamba Paulo naye alimwita Mungu awe shahidi wake, tena si mara moja.

Mzee aliwasikiliza wote. Kisha akasema kwa sauti yake ya taratibu, "Tunaanzia kwa Yesu. Ibrahimu tutamsoma, Paulo tutamsoma, lakini tukiwa tumesimama pale Yesu aliposimama. Na yeye kule mlimani alikataza kuapa, kuapa kokote. Mtu akiapa leo, anakiri kwamba siku nyingine zote maneno yake ni ya kubahatisha."

Maneno hayo yaliniingia kama maji ya baridi mchana wa Mfungo. Nilikuwa nimezungukwa na watu wanaoapa kwa kila jambo, bei ya tungule wallahi, mvua itanyesha wallahi, nami nilijiona nimepewa kitu cha heshima: neno langu likawa zima, halihitaji gongo la kutembelea. Tulikubaliana wote. Mlinzi akaenda akakataa kiapo, akaachishwa. Sasa anauza kahawa na kashata. Mzee alimtaja kwenye mahubiri karibu mwezi mzima, na sisi tulimpigia makofi.

Mimi nilibatizwa muda mfupi baadaye. Kwetu mtu habatizwi utotoni, anasubiri hadi ajue anachokisema. Kabla ya kuingia baharini mzee aliniambia mbele ya wote, "Siku wakikubana kwa sababu ya neno hili, niite. Nitasimama ubavuni kwako."

Tuje dukani. Bi Mkubwa alikuwa na kidani cha dhahabu cha bibi yake, kinachotolewa kwa mabibi harusi wa watu anaowajua tu. Baada ya Idi kilikwenda Mkokotoni kwenye harusi ya jamaa zake. Sanduku la kidani na vipuli vyake likarudishwa Jumamosi, siku ambayo tulikuwa na mabibi harusi watatu na umeme unakatika na kurudi. Likawekwa kwenye meza yangu ya pasi, likahamishwa rafu ya juu, na hakuna hata mmoja wetu aliyelifungua. Jumatatu Bi Mkubwa alilifungua. Vipuli vimo, kidani hakimo.

Walioligusa sanduku ni watatu: mimi, mpwa wa Bi Mkubwa anayepeleka mizigo, na dada mmoja wa Makunduchi anayepaka hina na piko. Dada huyu ana miaka arobaini na kitu, mdomo mwepesi, mkono mwepesi zaidi. Bi Mkubwa alipiga simu Mkokotoni; mama wa bibi harusi akaapa kwamba alikirudisha kwa mikono yake mwenyewe.

"Polisi siwaiti," alisema Bi Mkubwa, uso umemparama. "Mie na nyie tunakula sinia moja. Kila mtu atashika kitabu chake, ataapa, yaishe. Mengine namwachia Mola."

Dada wa hina alikwenda kutia udhu, akarudi na matone bado kidevuni, akaweka mkono juu ya Msahafu na kusema wallahi, wabillahi, watallahi, hakukiona wala hakukigusa. Mpwa naye akaapa. Kisha Bi Mkubwa akanisogezea kitu kilichofungwa kwenye kitambaa safi cheupe. Alikuwa ametuma watu waazime Biblia kwa jirani Mkristo, akaivika kitambaa kwa heshima ile ile. Jambo hilo lilitaka kuniliza kabla sijasema lolote.

"Bi Mkubwa, kidani sikukichukua. Lakini kuapa siwezi. Kanisa letu haliapi."

"Dini gani inamkataza mtu kujitakasa?"

"Tunasema ndiyo au siyo. Basi."

Mpwa akacheka. "Hata mie ningekuwa nimeiba, ningeipenda sana dini hiyo."

"Funga domo lako!" dada wa hina alimkaripia. Akanigeukia mimi, sauti ikashuka. "Mwana, sema tu. Neno moja. Kama huna kitu, waogopa nini?"

Hapo nikamkumbuka mzee, nikafurahi kabisa, maana Bi Mkubwa alimfahamu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemleta amtengenezee madirisha ya nyumba anayojenga Fuoni. Nikasema mzee atakuja kueleza.

Bi Mkubwa alilainika. "Yule fundi? Yule mtu wa maana. Naam, aje. Akinambia mbele yako kwamba ndivyo mlivyo, mie nitalipokea neno lako hivyo hivyo, tupu. Na bibi harusi wako utampata."

Nilimpigia mzee hapo hapo uchochoroni. "Usiape, mwanangu," alisema. "Shikilia. Jumatano nitakuja." Nilirudi ndani nikicheka, hata dada wa hina akaniuliza kama nimechanganyikiwa.

Jumatano baada ya alasiri alikuja, shati limenyooshwa, kofia mkononi. Bi Mkubwa akampa kiti kizuri na glasi ya juisi ya ukwaju. Wakaulizana hali, wakazungumza mambo ya madirisha, mbao zilivyokauka, lini yatapachikwa. "Milango nayo bado sijampa mtu," alisema Bi Mkubwa. "Tutakaa tuzungumze." Sidhani kama alikuwa na hila yoyote. Alikuwa mama mwenye nyumba isiyo na milango, basi. Kisha akaiweka ile Biblia mezani.

"Haya, mzee. Huyu mwanangu anasema kwenu mtu haapi. Ni kweli?"

Mzee aliizungusha glasi yake mara moja, mara mbili.

"Bi Mkubwa, mafundisho kama hayo tunayo. Lakini yana mahali pake. Ni ya kutulea wenyewe, kule ndani. Mtu mwenye mali akitaka kuridhika moyo, mimi sioni ubaya. Huyu binti bado mchanga, anashika maneno kama yalivyoandikwa." Akanigeukia. "Apa tu, mwanangu, mama atulie."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mzee, juzi kwenye simu ulinambia nisiape."

"Nilikwambia ushikilie ukweli."

Nilimtazama vidoleni, kwa sababu usoni sikuweza. Kuna kuumizwa kunakomfanya mtu apige kelele. Mimi nilihisi kama mtoto aliyeshikwa mkono sokoni, akainua macho, kumbe mkono ni wa mtu asiyemjua. Na alichokifanya kilikuwa kibaya kuliko kama asingekuja. Kabla yake nilikuwa mtu wa dini ngeni. Baada yake nikawa mtu anayeisingizia dini.

"Umemsikia mzee wako mwenyewe," alisema Bi Mkubwa. Hakunisimanga. Ilikuwa karibu anibembeleze.

Kuapa kulikuwa rahisi. Sikuwa na kidani, ningeweka mkono, ningesema, ningerudi kwenye pasi yangu, na mwezi unaofuata ningefunga mlango wa bibi harusi. Lakini akilini nilimwona yule mlinzi na birika lake la kahawa. Nikiapa, nitakuwa nimekubali kwamba yeye alipoteza kazi kwa mchezo tu wa kwetu sisi wa ndani. Sijui kama ile ilikuwa imani au hasira. Huenda zote mbili zilinisaidia.

"Siapi, Bi Mkubwa. Nisamehe. Sikuchukua."

Alikifunga kitambaa juu ya Biblia polepole, pembe moja baada ya nyingine. "Basi tuachane kwa wema, mwanangu. Sikuiti mwizi. Lakini sitoweza kukuachia bibi harusi wa watu."

Mzee aliondoka kabla yangu. Alisema ana haraka.

Kwetu mtu akikosewa ana njia yake, nayo tulishaisoma na kukubaliana: kwanza umwendee mwenzako, wewe na yeye tu, asiposikia, uende na mmoja au wawili, ndipo ulete mbele ya kanisa. Jumamosi nilikwenda karakanani kwake. Alikuwa akipiga randa fremu za madirisha yale yale.

"Ungetaka nisemeje?" aliniuliza bila kusimamisha randa. "Nimwambie mteja kwamba kanisa langu linakataza kiapo, na mimi naingia nyumbani kwake kila siku? Kesho kikipotea kitu, atanitazama vipi? Nina vijana watatu hapa, nina watoto shule."

"Kwa hiyo ni milango."

"Usiseme hivyo. Neno linasomwa kwa hekima."

"Basi kesho utawaeleza mwenyewe, kwenye duara?"

"Hili si la duara. Litawakwaza wachanga."

"Mchanga si ndiye mimi?"

Alicheka kidogo, kama zamani tulipokuwa tukitaniana, na kicheko hicho kiliniuma kuliko yote.

Jumapili asubuhi nilimwambia mama wa maandazi. Alimvuta mzee mlangoni kabla ya ibada, nikawaona wakizungumza, mzee akitikisa kichwa. Yule mama akarudi akanambia, "Sema. Zamu yako ikifika, sema."

Kifungu cha siku ile kilihusu mwenye shamba na vibarua wake. Mama wa maandazi alisema alichosikia, kifupi, akanipisha. Mzee akaniuliza, macho yakiwa kwenye kitabu, "Umesikia nini?" Nikasema yote: kidani, simu, juisi, kitambaa cheupe. Sikulia. Nilishangaa jinsi yote yalivyokuwa mafupi.

Nilitegemea nini? Nilitegemea watafungua kile kifungu cha mlimani na kumuuliza mzee, kwa upole wetu wa kawaida, kama tulivyomuuliza kila mtu. Badala yake mwalimu alikohoa akasema pengine wakati umefika wa kukisoma upya. Mazingira ya visiwani ni tofauti, alisema. Huo ndio uzuri wetu, hatufungwi na majibu ya jana. Mwingine akasema tumsamehe mzee na yaishe. Mwingine akauliza kama nimeshamwomba radhi kwa kumtaja hadharani. Nilikaa nikisikiliza maneno niliyoyapenda, kusoma upya, kusoma pamoja, kusameheana, yakitandikwa moja juu ya jingine kama mablanketi juu ya kitu ambacho hawataki kukitazama.

Mlinzi alikuwa ameiruka zamu yake. Sasa akainua mkono.

"Mzee," alisema, "mimi kabla sijakataa nilikuuliza. Nilikuja mpaka kwako. Nilikuuliza kama kuna njia nyingine, nina mke mjamzito. Hukunambia kwamba neno hili lina mahali pake."

Jirani alikuwa akiwaita kuku wake. Mzee alikifunga kitabu chake. Nilimuonea huruma, Mungu anajua, hata wakati ule. Angesema "niliogopa" tu, neno moja, nadhani ningemkumbatia pale pale.

"Tuombe," alisema.

Akaomba sala ndefu, nzuri, ya amani katikati ya ndugu. Baada ya amina watu waliinuka kukusanya viti, na hakuna aliyeuliza tumekubaliana nini. Mlinzi alinimiminia kahawa nje, kikombe kilichojaa. Wiki zilizofuata yeye hakuja tena. Mimi huwa nakwenda, kwa ajili ya mama, nakaa nyuma. Duara likipangwa nasema nina nguo za kufua.

Kidani hakijapatikana hadi leo. Mpwa husema nilikivusha bara. Bi Mkubwa tukikutana Darajani namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, ananiuliza hali ya mama, na sote wawili tunatazama mikungu ya ndizi.

Mwezi uliopita dada wa hina alikuja nyumbani kwetu, nyuma yake kina dada wawili wa Makunduchi, mmoja amebeba sanduku ndani ya kanga. Mdogo wao anaolewa. Wanataka mpambaji.

"Nimewaambia yupo mtoto mmoja haapi hata umkate," dada wa hina alitangaza, akijitupa mkekani. "Wallahi mie naapa kutwa kucha, hakuna anayeniamini. Huyu kakataa mara moja, kapoteza kazi. Mtu wa namna hiyo ukimpa dhahabu, nenda kalale."

Bibi harusi wangu wa kwanza! Nilicheka kwa sauti, kile kicheko changu cha zamani, mdogo wangu akatoka ndani kuuliza kuna nini. Nikawapa chai. Tukapanga rangi, tukapanga nywele, tukabishana kuhusu piko. Mwishoni yule mkubwa kati ya dada wale wawili akaliweka sanduku mbele yangu na kuanza kufunga mtandio wake tayari kuondoka.

"Ngojeni," nikasema.

Nikaleta daftari. Nikalifungua sanduku mbele yao, nikatoa kitu kimoja kimoja: vipuli jozi mbili, vikuku vinane, kitana cha dhahabu, mkufu, pete tatu. Nikaandika kila kimoja, nikavipiga picha kwa simu, nikaweka sahihi yangu, nikaacha mstari mmoja kwa ajili yao na mmoja kwa ajili ya shahidi.

"Mbona kama polisi, mwanangu?" yule mkubwa alisema, akimtazama dada wa hina. "Sie tumeshakuamini. Neno lako latosha."

"Najua, dada," nilimjibu, nikamsogezea kalamu.